Re: Nilimwagiwa maji utotoni, nibatizwe tena?

Dada umesema mchungaji wa hapo mtaani anadai ubatizo wako si kitu kwa vile hukuzamishwa, mi nakuomba usirudie. Nimekulia Mpwapwa, kiangazi mto unabaki mchanga mtupu, watu wanafukua wanachota na kata taratibu mpaka ndoo ijae, bibi yangu alibatizwa kwa maji ya hivyo hivyo, akamiminiwa mara 3 kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu na alisali mpaka siku anafariki. Hata Didache, andiko la Wakristo wa mwanzo kabisa, inasema tumia maji yanayotiririka, ukikosa tumia maji mengine, na hayo yakikosekana mimina kichwani mara 3. Kuzamisha ni kuzuri mno jamani, unaona kabisa kufa na kufufuka na Kristo kama Warumi 6, ila Waorthodoksi wanazamisha hadi vichanga so hoja ya umri, kwamba mtoto mdogo asibatizwe, ni nyingine kabisa.

Kuhusu lile lingine, kama watakatifu ni waliokufa tu na kama kanisa ndilo linawafanya, Paulo aliwaita Wafilipi watakatifu wakiwa hai, na Wakatoliki wakimtangaza mtu kuwa mtakatifu wanakiri tu kwamba yuko mbinguni, hawamfanyi wao. Muulize mama ulibatizwa kwa maneno gani, hilo ndo la kuangalia kwanza.