"Mti hauuzi, leta simba"

Juzi kuna mdogo wangu mmoja kanifuata inboksi, anachora, anauliza, "Bro simba zangu hazitoki, nichore nini?" Nilimjibu kifupi nikaona haitoshi, acha nimwage hapa hapa maana mnaotafuta kutoka kwa brashi mko wengi.

Hazitoki kwa sababu mtaa mzima ni simba! Mzee Edward Saidi Tingatinga, mwenye michoro hii tunayoiita tingatinga, alipoanza kuchora Dar mwaka 1968 na rangi ya baiskeli kwenye hadibodi hakuwa anaiga jirani, sisi ndo tumegeuza kiwanda.

Mimi kwetu Kisarawe. Bibi yangu alichezwa unyago chini ya mti wa mkole, mwali wa Kizaramo ndo alikuwa anapelekwa huko, na ndani anakaa na mwana hiti, kale kasanamu ka mti kenye vishungi viwili kichwani. Leo muulize binti wa pale mkole ni mti gani, anakutolea macho tu. Na msitu wenyewe wa Pugu na Kazimzumbwi upo mlangoni kwa Dar, mjini tunapikia mkaa alafu tunashangaa miti imeenda wapi. Mule ndani kuna komba wa Rondo, mnyama wa gramu 60 hivi, mkia kama brashi ya kuoshea chupa, nje ya misitu ya pwani ya Tanzania humpati popote.

Basi nikamchora huyo komba, kakaa juu ya lumbesa la mkaa kwenye pikipiki, macho makubwa yanakutazama wewe mnunuzi, na kwenye gunia nikachora mwana hiti anachungulia katikati ya kamba. Nikapeleka duka moja la picha, jamaa akacheka mbele ya watu, "Mti hauuzi, leta simba." Iliniuma, na bado inauma, nisiwadanganye. Mwezi uliopita kanunua mama mmoja Mzaramo, sio mtalii, kaweka sebuleni kwake. Bei sisemi ila kodi ya nyumba imelipwa na chenji imebaki.

Sasa ushauri. Nenda ukaone mwenyewe, msitu ni wa hifadhi kwahiyo pitia kwa watu wa misitu kwanza, usijiingilie kienyeji. Kaa na wazee, uliza majina ya miti kwa lugha ya kwenu, yaandike nyuma ya picha. Kijani cha kopo kinang'aa kama geti jipya, kitie kahawia kidogo ndo kinakuwa msitu, na usianze kupiga nukta za pambo kabla rangi ya chini haijakauka. Alafu nenda tena ukaone. Vijana mnataka hela ya picha bila kuchubuka miguu, mnachora wanyama wa kwenye simu, kwenu hamkujui, mnalaumu soko!

Na tafadhali acheni kunitumia picha za simba niwapigie debe, sipigi.