Kufika Antelope Wells na baiskeli yako: anza hesabu mpakani, si nyumbani

Mkuu, umesema unataka kuanza Great Divide, ile njia ndefu ya baiskeli inayofuata milima ya Rocky kati ya Kanada na mpaka wa Mexico, kutokea kusini mwishoni mwa Mei, uko peke yako, na unakwenda na baiskeli yako mwenyewe. Swali lako ni moja tu: unafikaje mwanzoni? Waliotangulia wamekujibu "panda ndege hadi El Paso, mengine utayajua mbele kwa mbele." Mimi nilifanya hivyo hivyo, ikanila siku tatu. Niruhusu niandike kwa urefu.

Kwanza uielewe Antelope Wells yenyewe. Si mji. Ni kituo cha mpakani kati ya New Mexico na Mexico, katika ile pembe ya jimbo inayochomoza kusini. Jina lina visima ndani yake lakini usitegemee maji. Hakuna duka, hakuna hoteli, hakuna basi, na mtandao wa simu usiuhesabu kabisa. Barabara ni moja, namba 81, lami, inakwenda kaskazini kama kilomita 73 hadi Hachita, ambacho nacho ni kijiji kidogo sana. Kutoka mpakani hadi Silver City, mji wa kwanza wenye kila kitu, ni karibu kilomita 200 kwa njia ya Great Divide.

Kwa hiyo hizo kilomita 200 za mwisho ndizo safari. Ndege ni jambo dogo, tiketi utapata. Watu wengi (na mimi nilikuwemo) wananunua tiketi kwanza, halafu wanaanza kutafuta wa kuwapeleka mpakani, wanakuta hakuna mtu siku hiyo. Geuza. Tafuta dereva kwanza, akupe tarehe, kisha rudi nyuma hatua moja moja: siku ya kufunga baiskeli, siku ya akiba, siku ya kutua. Tiketi ya ndege iwe kitu cha mwisho kulipia.

Sasa njia zenyewe. Viwanja vya ndege vinavyofaa ni El Paso (Texas) na Tucson (Arizona). El Paso iko karibu zaidi. Kutoka hapo mabasi ya masafa marefu yanafuata barabara kuu ya I-10 na kupita Deming na Lordsburg. Treni ya Sunset Limited nayo inasimama miji hiyo miwili, lakini inapita mara tatu tu kwa wiki kila upande, na vituo hivyo havina mhudumu wala huduma ya kupokea mizigo mikubwa inayosafiri kwenye behewa la mizigo. Boksi la baiskeli linashushwa kwenye vituo vikubwa, kama El Paso au Tucson. Nimeona watu wakipanga treni hadi Lordsburg bila kulijua hilo. Usiwe mmoja wao.

Mimi nilichukua basi na boksi langu hadi Lordsburg. Kwenye ramani ilikuwa na akili: ni karibu na njia ya kwenda mpakani, moteli zipo, na dereva niliyempata alikubali kunichukua hapo saa kumi na moja alfajiri ya siku inayofuata. Niliingia chumbani jioni nikaanza kufungua boksi. Nikaona utepe si wangu. Mimi nilifunga kwa utepe wa kahawia, huu ulikuwa mweupe, maana yake boksi lilifunguliwa kwenye ukaguzi njiani na likafungwa haraka. Tundu la kushikia upande mmoja lilikuwa limechanika, ngumi inapita. Nikatoa fremu, magurudumu, usukani, nikavipanga kwenye zulia. Ekseli ya gurudumu la mbele, kile chuma kinachopita katikati ya gurudumu na kulishikilia kwenye baiskeli, haipo. Nikapekua chini ya boksi kwa mkono, nikaligeuza juu chini, nikalitikisa, zikadondoka punje za plastiki na kipande cha kadibodi.

Nilikuwa nimeiweka ekseli ikielea tu mle ndani, imeviringishwa kwenye soksi. Soksi ilikuwepo.

Wasiojua hizi ekseli za siku hizi wataona ni jambo la dakika tano. Sivyo. Si kile chuma chembamba cha zamani cha kubana kwa kifyatulio, ambacho ungekipata duka lolote. Ekseli yako ina kipenyo chake, urefu wake, na nafasi ya nyuzi zake (ile mikunjo ya skrubu): kuna za milimita 1, za 1.5, za 1.75, na kampuni moja haifanani na nyingine. Lordsburg sikupata duka la baiskeli. Nikampigia dereva nikamwomba radhi, asubuhi nikapata lifti ya pikapu hadi Silver City, kama kilomita 70. Fundi wa pale alikuwa na ekseli nne dukani. Tulizijaribu zote mbele ya kaunta. Mbili fupi, moja nene, ya nne iliingia vizuri mpaka mwisho kisha ikakataa kushika nyuzi. Ikaagizwa, nikasubiri.

Hapo ndipo nilipoijua njia ambayo ningekushauri tangu mwanzo: fanya Silver City kuwa kambi yako, si Lordsburg. Kutoka El Paso ni kama kilomita 240. Mji uko kwenye njia yenyewe ya Great Divide, una fundi, duka la vyakula, posta, mahali pa kununua gesi ya jiko. Unafungua boksi pale, unaunganisha baiskeli, unaizungusha mjini siku nzima ikiwa na mizigo yote. Kama kuna kitu kimepinda au kimepotea, kinajulikana mbele ya fundi, si mbele ya geti la mpaka. Na kuna faida nyingine: kesho yake unashuka mpakani na vitu vichache, vingine unaviacha moteli, kwa sababu siku mbili au tatu baadaye utapita hapo hapo ukielekea kaskazini. Waulize tu kama watakuhifadhia.

Dereva. Kutoka Silver City hadi mpakani ni zaidi ya saa mbili, kisha anarudi njia ile ile gari tupu. Usishangae akitaja bei inayokuuma. Anakuuzia nusu siku yake na mafuta ya kwenda na kurudi. Gawaneni gharama kama kuna wenzako wanaoanza tarehe hiyo, maana Mei na mapema Juni huwapo. Mnapoongea muulize mambo haya wazi: baiskeli inabebwa nje au ndani, iliyounganishwa au ndani ya boksi? Anafika hadi getini au anakushusha Hachita? Ukichelewa siku moja kwa sababu ya ndege, ana nafasi kesho yake? Mpigie tena siku mbili kabla. Ujumbe wa miezi mitatu iliyopita si makubaliano.

Kama dereva amekosekana kabisa, bado una mlango. Wapo wanaoanzia Columbus, mji mdogo wa mpakani kusini mwa Deming, kama kilomita 50 kwa lami. Unaweza kufika kwa kupiga pedali mwenyewe kutoka kwenye kituo cha basi. Wengine wanapanda baiskeli kutoka Hachita hadi Antelope Wells na kurudi, karibu kilomita 146 kwa jumla. Inawezekana, lakini ni siku nzima ya jangwa bila duka, na unaifanya mwili bado una uchovu wa ndege. Mimi nisingeifanya siku ya kwanza.

Kuhusu boksi sasa, na hapa nina mengi ya kusema kwa sababu nimeumia.

Maduka ya baiskeli hupokea baiskeli mpya kwenye maboksi ya kadibodi na mara nyingi hutoa bure yale matupu. Omba wiki mbili kabla. Jumla ya urefu, upana na kimo itazidi sentimita 158 za begi la kawaida, kwa hiyo soma masharti ya shirika lako la ndege kuhusu vifaa vya michezo na uwaarifu mapema. Uzito kwa kawaida ni kilo 23. Ukiwa na ndege ya mwisho ndogo, uliza kama boksi linaingia kwenye mlango wa mizigo, maana ndege kubwa ya kuvuka bahari si kipimo.

Ekseli zirudishe mahali pake, kwenye foku (uma unaoshika gurudumu la mbele) na kwenye fremu, uzikaze. Zinafanya kazi mbili: hazipotei, na zinazuia foku isibanwe ikapinda. Kile kifaa cha nyuma cha kubadilishia gia kifungue, ukifunge kwa kitambaa ndani ya fremu. Kikibaki kinaning'inia, pigo moja tu linapinda kile kipande chembamba cha alumini kinachokishikilia. Chukua cha akiba. Kila baiskeli ina umbo lake, na hicho nacho hukipati njiani. Diski za breki zivue kwenye magurudumu uzilaze katikati ya kadibodi mbili. Kwenye breki za mafuta ingiza kipande cha plastiki katikati ya pedi, la sivyo mtu akiminya mkono wa breki pedi zinagandana. Pedali ya kushoto inafunguka kinyume, kwa mwendo wa saa. Weka alama ya utepe kwenye nguzo ya kiti kabla hujaishusha. Skrubu zote ndogo ziingie mfuko mmoja, na mfuko huo ufungwe kwenye fremu, usielee.

Kwa nje andika jina, simu, na anwani ya moteli unakofikia, si ya nyumbani tu. Piga picha boksi likiwa wazi na likiwa limefungwa.

Gesi ya jiko na dawa ya kupulizia dubu haziruhusiwi ndani ya ndege, si mkononi wala kwenye boksi. Utanunua huko. Jiko likiwa limeshatumika lisafishe mpaka lisinuke mafuta. Pawabanki ni lazima iwe mkononi, na isizidi saa-wati 100, ambazo ni takriban mAh 27,000. Na zana za kuunganishia baiskeli ziingie kwenye boksi. Ukiwa nazo mkononi zinaweza kuzuiliwa mlangoni.

Ukiamua kuanzia kaskazini badala yake, kufika ni rahisi mno: unatua Calgary, mabasi madogo yanakwenda Banff, kama kilomita 140, na yamezoea maboksi. Lakini wengi wetu tutahitaji viza mbili, ya Kanada na ya Marekani, kwa sababu njia inavuka mpaka wa nchi hizo mbili pale Roosville, Montana. Kwa kusini unahitaji ya Marekani tu, ilimradi unaishia upande wa Montana. Na usivuke geti la Antelope Wells kwa ajili ya picha. Pasipoti iwe karibu. Magari ya doria ya mpaka hupita barabara ile mara kwa mara na watakusimamisha kukuuliza. Wajibu kwa utulivu, utaendelea.

Tarehe yako ya mwisho wa Mei ni nzuri. Ukitangulia sana utakuta theluji Colorado, ambako njia inapanda hadi Indiana Pass, mita 3,630. Ukichelewa hadi Julai, mvua za New Mexico zinageuza udongo kuwa gundi na magurudumu yanagoma kuzunguka.

Siku yenyewe, ondokeni Silver City usiku bado, mfike mpakani jua likiwa chini. Maji yote ya siku yawe kwenye baiskeli tangu mjini. Mimi nilibeba lita nane na nilifika Hachita na moja na nusu. Halafu kabla hujamlipa dereva salio lake, mwombe akae dakika kumi. Panda baiskeli na mizigo yote, nenda mita mia tano, badilisha gia zote, minya breki zote mbili kwa nguvu, rudi. Gari lake likishaondoka, linalofuata linaweza kuwa la kesho.