Usiipake Rangi Upya: Kwa Anayeanza Kukusanya Kofia za Kijeshi za Ujerumani

Swali ninaloulizwa zaidi na wanaoanza ni hili: "Kaka, nimepata kofia ya chuma ya Kijerumani, ina kutu na rangi imebanduka. Nipake rangi gani irudi kama zamani?" Jibu langu halijabadilika tangu nianze kazi hii: usipake rangi yoyote. Ile iliyobaki, hata ikiwa ni robo tu, ilipakwa kiwandani au na askari mwenyewe akiwa mahandakini. Ukishaikwangua au kuifunika, hakuna fundi atakayeirudisha.

Mimi ni mtoto wa Tanga, na kwa miaka mingi sasa naishi Leipzig. Wa huku hunishangaa, na wa nyumbani vilevile: Mtanzania ana shughuli gani na kofia za jeshi lililotutawala kwa mabavu? Ninayo, tena kubwa. Wanajeshi wa Kaiser, mfalme mkuu wa Ujerumani, ndio waliozima Majimaji kwa risasi na kwa njaa, na katika vita vyao na Waingereza wapagazi wetu walikufa maelfu kwa maelfu. Vitu vilivyobaki vya jeshi lile ni ushahidi. Nataka ubaki kama ulivyo, bila mtu kuupamba.

Kabla ya kushika kitambaa na mafuta, jua kilicho mbele yako. Kofia ya ngozi yenye ncha utosini, Pickelhaube, iliingia katika jeshi la Prussia mwaka 1842 chini ya mfalme Friedrich Wilhelm IV, na baadaye falme nyingine za Ujerumani zikaiga. Bavaria walichelewa mpaka 1886. Kwa hiyo nembo ya mbele inakueleza kofia ilitoka wapi: tai wa Prussia ana maneno "Mit Gott für König und Vaterland", ya Bavaria imeandikwa "In Treue fest", na ya Württemberg "Furchtlos und trew". Wapiganaji wa mizinga walivaa tufe badala ya ncha. Pembeni, palipofungwa mkanda wa kidevu, kuna beji za duara. Kuanzia 1897 ya kulia ilikuwa ya rangi za dola zima, nyeusi, nyeupe na nyekundu, na ya kushoto ya ufalme husika. Ukiona nembo ya Bavaria na upande wa kushoto beji ya nyeusi na nyeupe ya Prussia, uliza maswali. Mara nyingi mtu ameunganisha kofia mbili zilizovunjika akauza moja nzima.

Geuza kofia uangalie ndani. Kofia ya askari wa kawaida ilikuwa mali ya jeshi, hivyo chini ya ukingo wa nyuma utakuta mihuri ya kikosi, mwaka na mtengenezaji. Afisa alinunua yake kwa pesa zake, kwa hiyo haina mihuri hiyo, lakini ina bitana ya hariri na nembo iliyopakwa dhahabu. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza na Waingereza wakazuia meli, ngozi ikaadimika, na viwanda vikatengeneza kofia za sufi na za bati. Watu wengi huzidharau hizi za shida. Mimi nazipenda kuliko za maafisa, maana zinaonyesha wazi jinsi dola ilivyoishiwa.

Kofia ya chuma ilikuja mapema 1916, wakati wa mapigano ya Verdun, Ufaransa. Daktari wa upasuaji August Bier alikuwa ameona jinsi vipande vidogo vya chuma, vingine vidogo mno, vilivyokuwa vikiua watu kwa kupenya kichwani, naye Friedrich Schwerd wa chuo cha ufundi cha Hannover akabuni kofia inayofunika mpaka masikio na shingo. Vile vipembe viwili vya pembeni vina matundu ya kupitisha hewa, lakini pia vilishikilia bamba zito la chuma la kukinga paji la uso. Bamba hilo lilikuwa la kipimo kimoja, kwa hiyo kofia ndogo zikawekewa vipembe vyenye kitako kipana ili bamba likae sawasawa. Hapo wanaoghushi hukosea sana. Wanatengeneza kofia ndogo na kuibandika vipembe vya kofia kubwa.

Ndani ya ukingo, upande wa kushoto, tafuta chapa ya kiwanda na kipimo. ET64, kwa mfano, ni kiwanda cha Thale, milimani Harz, na 64 ndicho kipimo cha kofia. Kisha hesabu ribiti. Kofia ya 1916 ina tatu za kushikilia bitana na nyingine mbili chini kidogo, kila upande moja, za mkanda wa kidevu. Ile ya 1918 haina hizo mbili, kwa sababu mkanda ulihamishiwa kwenye bitana. Bitana yenyewe ni mshipi wenye vipande vitatu vya ngozi, na nyuma ya kila kimoja kuna kifuko cha mto mdogo uliojazwa ili kofia ikae vizuri kichwani. Bitana nzima ni nadra. Ukiipata, hata ikiwa imekauka kama gome, umepata kitu cha thamani.

Kuwa mwangalifu hasa na kofia za mabaka. Amri ya tarehe 7 Julai 1918 iliagiza kofia zipakwe kijani, njano ya udongo na kahawia, rangi zikitenganishwa na mistari myeusi yenye upana wa kidole. Zinapendeza, zinauzwa ghali, na kwa sababu hiyo nyingi zimepakwa juzi. Rangi ya zamani imechakaa palipostahili kuchakaa: ukingoni palipogusana na mikono, na utosini kofia ilipowekwa chini. Ile ya kughushi imechakaa kila mahali kwa kiasi kilekile, na mara nyingi mikwaruzo yake inakwenda upande mmoja kwa sababu ni ya msasa. Tazama pia kama rangi ya mabaka imepita juu ya kutu. Ikiwa kutu iko chini ya rangi, kofia ilikuwa imeshaoza kabla ya huyo mchoraji kuifikia.

Kipimo kingine cha bei nafuu ni taa ndogo ya miale ya urujuani, ile wanayotumia kukagua noti. Ingia gizani, mulika uzi na bitana. Nyuzi na vitambaa vingi vya kisasa vina kemikali ya kung'arisha ambayo haikuwepo zama za Kaiser, na vinawaka buluu nyeupe. Taa hii imeniokolea pesa nyingi kwenye magulio ya vitu vya kale. Muuzaji akikataa usiitumie, mshukuru uondoke.

Sasa kazi yenyewe. Kwa kofia ya chuma, anza na brashi laini kavu. Ukiona udongo umeganda, uloweshe kwa maji yaliyotoneshwa, yasiyo na chumvi wala chokaa, kwa kijiti cha pamba, sehemu ndogo ndogo, ukikausha kila unapomaliza. Kutu iliyolegea ipake mafuta mepesi ya cherehani, iache usiku mzima, kisha ifute kwa kitambaa cha pamba. Palipobaki magamba tumia kijiti cha mti kilichochongwa. Rudia hivyo kwa wiki kadhaa ukipenda; hakuna haraka. Brashi ya waya, stilwaya na msasa viondoe kabisa mezani. Pia acha zile dawa za madukani zinazogeuza kutu kuwa nyeusi, kwa kuwa zinaacha ngozi ngumu ambayo haitoki tena, na chini yake huwezi kuona kama palikuwa na rangi au jina.

Ndiyo, jina. Askari wengi waliandika majina yao ndani ya ukingo kwa rangi au kalamu, na mara nyingi limejificha chini ya kutu nyembamba. Nina kofia iliyouzwa kama chuma chakavu, na baada ya kuifuta kwa mafuta polepole, herufi zikaanza kutokea moja moja kwenye ukingo wa nyuma. Aliyeitaka kabla yangu alikuwa amepanga kuipiga mchanga kwa mashine. Angefanya hivyo, mtu huyo angefutika kabisa.

Kwa kofia zilizozikwa ardhini, ambazo rangi imebaki chini ya tabaka nene la kutu, wapo wanaotumia asidi ya oksaliki. Inafanya kazi, kwa sababu inayeyusha kutu na kuiacha rangi. Lakini ni sumu, inahitaji glavu na miwani, bitana lazima iwe imeshatolewa, na mtu asimame pale akiangalia kila baada ya muda mfupi. Ukimaliza, suuza kwa maji yenye magadi ya kuokea, kausha, kisha paka nta laini wanayotumia makumbusho. Kama hujawahi kuitumia, jaribu kwanza kwenye kipande kisicho na thamani.

Ngozi ndipo mahali watu wanapoharibu zaidi, tena kwa nia njema. Wakiona imekauka wanaitia mafuta. Mafuta yanaipa wekundu mzito, yanailegeza mishono, na baada ya miezi yanakutana na shaba ya ribiti na kutoa uchafu wa kijani unaonata. Uchafu huo unaondolewa kwa kijiti cha meno, taratibu, na utarudi tena maadamu mafuta yamo ndani. Ngozi kavu isiyoguswa inaweza kuishi miaka mia nyingine. Pickelhaube iliyobonyea usiikunje kwa nguvu. Iweke ndani ya boksi lililofungwa pamoja na taulo lenye unyevu lisiloigusa, isubiri ilegee kidogo, kisha ijaze karatasi laini na uiache ikauke polepole kivulini. Ikiwa ngozi inachubuka unga mwekundu ukiigusa, hata hilo usilifanye. Maji yataigeuza nyeusi na ngumu, na hapo mtaalamu wa makumbusho ndiye wa kumwendea. Mshono uliofumuka shona kwa uzi wa kitani uliopakwa nta, kupitia matundu yaleyale ya zamani. Tundu jipya hata moja ni jeraha.

Nembo za shaba usizing'arishe. Dawa ya kung'arishia inakula dhahabu ya kofia za maafisa na kujaza unga mweupe kwenye mikunjo ya manyoya ya tai, na unga huo hautoki.

Kuna kofia nyingine zinazonigusa sana: zilizogeuzwa vyombo vya jikoni baada ya 1945. Ujerumani ilikuwa magofu na sufuria hazikupatikana, viwanda vikachukua kofia za jeshi lililoshindwa, vikazitoboa zikawa chujio au kuzifunga mipini zikawa sufuria. Kuna wakusanyaji wanaotoa mpini, kuziba matundu na kupaka rangi ili irudi kuwa ya vita. Naomba sana msifanye hivyo. Mama fulani aliwachujia watoto wake viazi ndani ya ile kofia, na historia hiyo ni kubwa kuliko ile ya miaka michache iliyokaa kichwani kwa askari.

Ukiacha hizo za jikoni, sinunui kofia za kipindi cha Wanazi. Sheria ya Ujerumani, kifungu cha 86a, inakataza kuonyesha hadharani alama zao, isipokuwa kwa elimu, utafiti au sanaa, na soko lake limejaa watu wanaozitafuta kwa sababu nisizozitaka nyumbani kwangu. Kofia zilizochimbwa Verdun sinunui pia. Kuchimba bila kibali ni kosa nchini Ufaransa, mabomu yasiyolipuka bado yamo ardhini, na palipo kofia mara nyingi pana mtu. Katika jengo la mifupa la Douaumont, karibu na Verdun, wamo askari wapatao 130,000 wasiojulikana majina, na wengine bado wako udongoni.

Kwa ndugu walioko Tanga, Mombasa, Unguja na Dar es Salaam: adui yenu ni hewa ya bahari. Kabati la vioo lenye vifuko vya silika vya kunyonya unyevu, mbali na ukuta wa nje, linatosha. Mfuko wa plastiki unafungia unyevu ndani na kuotesha ukungu. Silika ibadilishwe au ikaushwe mara kwa mara.

Na akikujia mtu na kofia ya chuma akisema iliachwa na Wajerumani kwenye vita vya Tanga, usinunue hadithi hiyo. Vita vya Tanga vilikuwa Novemba 1914, na kofia hii ya chuma ilikuwa haijabuniwa. Meli ya mwisho ya msaada kwa jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku kwetu Afrika Mashariki, ikiitwa Marie, ilitia nanga ghuba ya Sudi Machi 1916, wakati kofia hizo ndiyo kwanza zinagawiwa Verdun. Ndege ya gesi L59, iliyotumwa Novemba 1917 kumpelekea msaada, iligeuzia Sudan. Askari wetu walivaa tarbushi iliyofunikwa kitambaa cha kaki chenye kipande cha kukinga shingo, na mbele tai mdogo wa bati au shaba. Wazungu wao walivaa kofia pana zilizokunjwa upande mmoja au za jua. Hivyo basi tai mdogo aliyelala kwenye sanduku la babu, bizimu la mkanda, hata kipande cha kaki kilichotoboka, ni adimu kuliko kofia yoyote ya chuma ninayoweza kukuonyesha hapa Leipzig. Ukikipata usikioshe. Kipige picha pande zote, andika ni nani alikuwa nacho na mzee wa mwisho anayemkumbuka anasema nini, kisha ongea na watu wa Makumbusho ya Taifa kabla hujaongea na mnunuzi yeyote, mimi nikiwemo.