Kinachokata nywele ni mpira, si pini

Shoga, usizilaumu pini. Ni ule mpira mwembamba unaofungia chini ya mtandio: unabana pahala pamoja kila siku, na ukiuvua unatoka na nywele zilizojiviringa.

Nywele ndefu zisokote taratibu mpaka zijikunje zenyewe, uzungushe fundo kisogoni, kisha chukua kijiti cha mti kilicholainishwa vizuri. Kipitishe ukingoni mwa fundo, kiokote nywele chache za kichwani, halafu kigeuze kiingie ndani ya fundo. Uzito unagawika, hakuna kinachovutwa. Bibi yangu wa Wete alizibana hivyo hivyo, na zilimfika kiunoni mpaka uzeeni.

Pini za chuma tumia, ila tazama ncha: kile kidonge cha plastiki kikishatoka itupe, maana chuma kitupu kinakwaruza ngozi na nywele.

Na tafadhali usizifunge mbichi baada ya kukoga, zikiwa na maji huvutika na kukatika upesi. Fundo likikuuma jioni, umekaza mno. Za kwenye panja ndizo zinazotangulia kung'oka, na zikivutwa miaka zinaweza zisiote tena.