Barua kwa mwanangu: korosho yenye ratili, mtoto mwenye aibu

Mikindani, Mtwara

Mwanangu,

Marahaba. Huku hatujambo, na swali lako limefika. Asubuhi wewe ni mwalimu wa unasihi wa kidato cha pili, jioni unawapangia AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, jedwali la korosho kwenye kompyuta. Sasa umeambiwa ukusanye jinsi wanafunzi wanavyojieleza, na unauliza kama ule utaratibu wa data inayojieleza unaweza kuuhamishia kwenye fomu ya watoto. Nusu yake uchukue. Nusu nyingine ukiihamisha utawaumiza.

Nianze na korosho, maana huko kosa huonekana kwa macho. Kwenye safu umeandika 48. Wewe unajua ni KOR, kipimo cha kiini kinachopatikana kwenye korosho ghafi. Mtu wa Dar es Salaam akilifungua jedwali mwakani atadhani ni asilimia, kwamba karibu nusu ya korosho ghafi ni kiini. Sivyo. Ni ratili 48 za kiini kwa gunia la kilo 80, yaani kilo 21.8 hivi, ambayo ni asilimia 27. Na hupatikana hivi: unapima sampuli ya kilo 1, unapasua zote, unapima gramu za kiini safi, unaongeza nusu ya gramu za kiini chenye madoa au kilichosinyaa, kilichooza unakiacha, kisha unazidisha kwa 0.1764. Gramu 272 hukupa 48. Maelezo hayo yanatakiwa yasafiri pamoja na namba, yasibaki kichwani mwako.

Data inayojieleza ni hiyo tu: anayefungua faili halazimiki kumpigia simu aliyeliandika. Watu wa hali ya hewa na bahari hutumia faili za NetCDF, ambamo kila kipimo hubeba humo humo jina lake refu, kizio chake na alama ya pengo. Ukiandika amri ya ncdump -h unasoma kichwa cha faili kabla hujagusa namba hata moja. Kwa magunia ya Newala huhitaji kufika huko. CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, inatosha, ikiwa na faili dogo la maelezo pembeni: jina la safu, maana, kizio, njia ya kupimia, aliyejaza, tarehe. Kizio kitie pia ndani ya jina la safu, mfano unyevu_asilimia. Halipendezi, lakini mtu akinakili jedwali, faili la pembeni husahaulika na jina la safu hubaki.

Angalia sana saa. Mpokeaji ghalani ataandika saa 2 akimaanisha asubuhi, na kompyuta itaelewa saa 8 usiku. Tofauti ni saa 6, na lori litaonekana limepakuliwa ghala likiwa limefungwa. Andika 2024-11-03T08:00+03:00, tarehe na saa pamoja, ukianza na mwaka; +03:00 ni saa za Afrika Mashariki.

Halafu mapengo. Betri ya kipima unyevu imekwisha, karani anajaza -999. Vipimo tisa vya asilimia 9 pamoja na hicho vinakupa wastani wa hasi 91.8, na hilo hata mlinzi ataliona. Cha kuogopa ni karani anayejaza 0. Wastani unakuwa 8.1, unapendeza, na shehena inaonekana imekauka kuliko ilivyo. Pengo liache wazi, au lipe alama iliyotajwa kwenye maelezo.

Sasa watoto.

Kuna karatasi ya zamani ya watafiti Kuhn na McPartland, ya mwaka 1954: mtu anapewa mistari 20 ajibu swali “Mimi ni nani?” Waliona kwamba majibu ya mwanzo huwa yale ambayo kila mtu anayakubali: mimi ni mwanafunzi, mimi ni Muislamu, mimi ni msichana. Ya ndani huja baadaye. Kwa hiyo mtoto aliyejaza mistari mitatu na kuweka kalamu chini usiseme hana la kusema. Hajafika.

Lakini mimi nisingeanza na hiyo. Mwanasaikolojia Susan Harter aliwataka vijana wajieleze kwa kila uhusiano peke yake: mimi na wazazi, mimi na marafiki, mimi darasani. Wa miaka 13 huandika mchangamfu huku na mkimya kule bila kujali. Wa miaka 15 hivi ndipo huona maneno yanagombana, akaanza kujiuliza yupi ndiye yeye wa kweli. Akikaribia kumaliza sekondari, wengi huanza kuyapatanisha. Wanafunzi wako wengi wako pale katikati, kwenye kilele cha msukosuko. Fomu yenye kisanduku kimoja cha “tabia” inarudia kosa la 48 bila kizio: mkimya mbele ya nani?

Basi gawa karatasi sehemu nne: nyumbani, na marafiki, darasani, madrasani au kanisani. Kila sehemu maneno manne hadi sita. Akimaliza, aunganishe kwa mstari maneno yanayogombana, na pale panapomsumbua aweke duara. Mpe nusu saa. Wewe ukisoma, tazama mistari na duara kwanza, maneno baadaye.

Na neno nalo lina kizio chake. “Nina aibu” inaweza kuwa haya za kusimama mbele za watu, inaweza kuwa fedheha ya jambo lililomkuta. “Mpole” inaweza kuwa sifa, inaweza kuwa anaonewa. Acha nafasi ya mfano mmoja chini ya kila neno, na anayefikiri kwa Kimakonde aandike kwa Kimakonde.

Ukihitaji namba, usiulize “Je, una marafiki wengi?” Watakujibu ndiyo, maana mwalimu amesimama hapo. Harter alitumia sentensi ya pande mbili: watoto wengine hupata marafiki kwa urahisi, lakini watoto wengine huona vigumu. Mtoto huchagua upande kwanza, kisha husema ni kweli kabisa kwake au kidogo. Alama ni 1 hadi 4. Wapo watakaotia alama pande zote mbili, kwa hiyo fanya mfano mmoja ubaoni. Weka visanduku viwili tofauti, “sijui” na “sitaki kusema”. Ukivichanganya umejaza sifuri ya karani.

Sasa nusu ya kuacha. Kwenye jedwali, mstari unaosema gunia moja ni kavu na bichi unaukataa. Kwa mtoto, mgongano huo ndio kipimo chenyewe, usiusahihishe. Kwenye jedwali kisanduku kitupu ni kasoro. Kwa mtoto wa miaka 15, swali la “nitakuwa nani” likiwa limejazwa lote bila shaka hata moja, mwulize taratibu nani alimjazia. Mwanasaikolojia James Marcia mwaka 1966 alitofautisha aliyejitafuta akapata na aliyepokea tu kutoka kwa wakubwa. Kwetu, anayetoka jandoni au unyagoni na jina jipya amepokea kichwa cha faili kilichoandikwa na wengine; kinaweza kumkaa vizuri, ila hakisemi yeye ameandika nini.

Zaidi ya hayo, faili halibadiliki kwa kusomwa. Kijana akisoma “mzembe” kwenye kumbukumbu yake ataanza kuliishi neno hilo. Kwa hiyo usiandike hukumu, andika maneno yake, na kila muhula ongeza mstari mpya wenye tarehe bila kufuta wa zamani wala kupiga wastani.

Tumia namba badala ya majina, orodha ya majina ifungiwe droo nyingine. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na kundi la WhatsApp la walimu si kabati. Kabla hawajaanza kuandika waambie wazi: mtu akiandika kwamba anaumizwa au anataka kujidhuru, hilo hutalificha, utatafuta msaada siku hiyo hiyo.

Fomu nitumie kabla hujatoa nakala, niangalie visanduku vya mapengo. Baba yako anauliza KOR ya msimu huu ni ngapi. Mjibu na kizio.

Mama yako