Re: Mauzo yameshuka, nimwambie mwekezaji sasa au nisubiri?

Mkuu umesema mauzo yameshuka miezi miwili mfululizo, mwekezaji hajui, na unataka yapande kwanza ndo umwambie. Usisubiri. Mi nilisubiri.

Tuko Bagamoyo, tunanunua mwani kwa akina mama wa Mlingotini, tunakausha, tunasaga, tunawauzia watengeneza sabuni. Aliyetuwekea hela ni mama mmoja mstaafu yuko Dar, tulisaini SAFE, ule mkataba mfupi ulioletwa na Y Combinator, kampuni ya Marekani inayowekeza kwenye biashara changa, mwaka 2013, hela inaingia leo hisa zinakuja baadae, na kwa kawaida haukubani kutoa ripoti. Nikaona basi hata nikinyamaza sijavunja kitu. Kaskazi ikaingia, maji yakapata moto, kotonii, aina ya mwani yenye bei nzuri, ikawa nyeupe ikakatikia kwenye kamba, na mimi kila nikishika simu najiambia ngoja bamvua ijayo, maji yakitoka mbali, tupande upya nitampigia na habari nzuri, wakati mwani ukishapandwa unataka kama wiki sita ndo uvune.

Mwezi wa tatu nikapiga. Shikamoo mama, marahaba, nikamwaga yote. Akasema, "Mwanangu, mwani kufa nimeelewa. Miezi mitatu kimya ndo sijaelewa." Kumbe alikuwa anamjua mnunuzi wa spinosamu, aina nyingine ya mwani, ile ya bei ya chini ila inahimili joto kuliko kotonii, na akina mama wanayo, lakini huyo mtu alishajaza mzigo wake Januari kwingine. Hiyo inaniuma mpaka leo, maana kuna familia zinategemea zile kamba.

Siku hizi kila tarehe 5 namwandikia WhatsApp, naanza na salio. Mfano akaunti ina milioni 12, kila mwezi zinazotoka zinazidi zinazoingia kwa milioni 3, basi tuna miezi 4 kabla hela haijaisha. Kisha kilichoharibika, kisha ombi moja tu, la kueleweka, sio "tunaomba ushirikiano wako". Picha za mwani ziende mwisho. Na pigo kubwa halingoji tarehe 5, hilo napiga simu, meseji mtu akiisoma usiku peke yake atawaza mengi.

Kwa hiyo mpigie leo mkuu, ila kabla hujapiga angalia salio, ugawanye kwa pengo la kila mwezi ujue imebaki miezi mingapi kabisa, atakuuliza hilo kabla hujamaliza kueleza.