Jibu: Unga wa kalsiamu kwenye taya iliyovunjika

Habari ndugu. Umeuliza kama unga wa kalsiamu ukipakwa kwenye fizi ya mdogo wako aliyeanguka na bodaboda utaharakisha taya kuunga. Usipake! Nahudumia wagonjwa wa taya: kalsiamu fosfeti (madini ya kalsiamu yanayofanana na ya mfupa) huwekwa na daktari, kwenye upasuaji, kujaza pengo pale kipande cha mfupa kimepotea. Hata hapo, kinachoshikilia mfupa ni bamba la titani na skrubu, au meno kufungwa waya wiki 4 hadi 6.

Kwanza mwambie aume taratibu. Meno yasipokutana kama zamani, mdomo wa chini ukiwa na ganzi, au fizi ikivuja damu, mpelekeni hospitali leo leo apigwe picha ya eksirei. Kama ana pengo la mfupa, siwezi kusema bila kuiona picha hiyo. Sigara aache, inachelewesha mfupa.